Dango Tatu Juu ya Kaunta

Dada yangu alizitazama zile dango tatu, vitamu vya Kijapani nilivyovifinyanga vidogo kwa udongo, akazigeuza upande huu na ule, akaziweka tena juu ya kaunta. "Hizi ni shanga," akasema.

Nilikuwa nimeshinda nazo wiki nzima. Ya kwanza ya waridi, ya katikati nyeupe, ya mwisho kijani, zimechomwa kwenye kijiti kwa mpangilio uleule wa kitabuni. Kila moja ilikuwa duara kamili, laini kama yai. Sikuona kosa hata moja. Dada akaona uso wangu umebadilika, akaongea taratibu. "Rangi ni zenyewe, sikatai. Lakini dango ya kweli huwa imechemshwa. Ni laini, imechoka. Zikikaa kijiti kimoja zinaegemeana. Hizi zako hazijuani."

Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku hiyo.

Nina kibanda cha M-Pesa hapa Kondele, Kisumu. Ni cha mabati, kimeelekea barabara, na kati ya saa tatu na saa tano asubuhi wateja huwa wachache. Hapo ndipo nilipojifunzia kazi hii ya kufinyanga vitamu vidogo vya udongo. Dada naye alifanya kazi ya nyumbani Nairobi miaka sita, kwa familia moja ya Kijapani iliyotoka Osaka. Waliporudi kwao walimwachia vyombo, mablanketi, na sanduku la vitu vya mkono vya mama mwenye nyumba: vipande kumi na kitu vya udongo wa polima, vingine vimetumika nusu, wembe mrefu, vijiti vya chuma vyenye vichwa vya mviringo, na kitabu cha picha za vitamu vya kwao ambacho maandishi yake hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Dada hana subira ya vitu vidogo. Mimi tangu utotoni kule Vihiga nilikuwa nikifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kijitoni, na Mama alizoea kuwakuta wamepangwa dirishani wakikauka. Basi sanduku likaletwa kwangu.

Kwa hiyo dada alivijua vile vitamu kwa ulimi na kwa mkono, maana alikuwa akimsaidia mama yule kuvipika. Mimi nilivijua kwa picha. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa ukubwa wa tofauti hiyo.

Vitamu vyenyewe kwa Kijapani huitwa wagashi. Mtu akisikia vitamu vya kigeni hufikiria keki na krimu, lakini wagashi vingi vya asili ni mchele, maharagwe, sukari na maji. Mochi ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, ukatwangwa kwenye kinu mpaka ukawa donge linalovutika. Daifuku ni mochi iliyofungiwa ndani yake anko, yaani maharagwe mekundu madogo ya azuki yaliyopikwa na kupondwa na sukari. (Azuki ni ndugu wa karibu wa ndengu na kunde zetu, na nilipolijua hilo nilijisikia kama nimekutana na mtu wa kwetu ugenini.) Dango ni vidonge vya unga wa mchele vilivyochemshwa. Yokan ni anko iliyogandishwa kwa agar ya mwani, ikakatwa vipande kama mche wa sabuni. Dorayaki ni vichapati viwili vinene vilivyobana anko katikati. Taiyaki ina umbo la samaki, na huyo samaki hapa Kisumu kila mtu humwita ngege, yaani tilapia wetu wa ziwani, hata nieleze vipi.

Vingi kati ya hivi vina majira yake. Dango za rangi tatu ni za wakati wa kutazama maua ya mcheri. Kashiwamochi, inayofungwa kwa jani la mwaloni, huliwa tarehe 5 Mei, siku ya watoto. Dango nyeupe hupangwa kama kichuguu mwezi unapokuwa mpevu majira ya kupukutika kwa majani. Kwetu pia kuna vyakula ambavyo ukiviona mezani unajua ni mwezi gani, kwa hiyo jambo hili halikunishangaza. Lilinifanya niviheshimu.

Sasa, neno udongo lisikudanganye. Udongo wa polima hautoki shambani wala mtoni. Ni unga laini sana wa PVC, plastiki ya aina ileile ya mabomba ya maji, uliochanganywa na mafuta ya kulainisha na rangi. Haukauki kwa upepo. Ukiuacha mezani mwezi mzima, ukiubonyeza bado unabonyea. Unachohitaji ni joto la kuzishikanisha zile chembe ziwe kitu kimoja, na joto hilo ni dogo kuliko la mkate: FIMO, inayotengenezwa na Staedtler wa Ujerumani, walewale wa penseli za shuleni, huandikwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30. Sculpey ya Marekani huandikwa nyuzi 130.

Hayo ninayasema sasa. Mara ya kwanza sikuyajua. Nilichojua ni keki ya jiko: sufuria kubwa, mchanga chini, chombo juu ya mchanga, mfuniko, na makaa machache juu ya mfuniko. Keki za namna hiyo Mama alitupikia kila Krismasi na hazikuungua hata siku moja. Nikapanga daifuku zangu nane juu ya kibati, nikafunika, nikaenda kuteka maji.

Harufu ilinikuta nje. Haikuwa harufu ya kitu kinachoiva. Ilikuwa kali, inachoma pua, na nilipofungua mfuniko moshi ulinipiga machoni nikashindwa kupumua. Vile vitamu vilikuwa vimetoa mapovu na kugeuka rangi ya lami. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikigusa unyevu wa macho na koo inakuwa asidi. Mtoto wa jirani alikuwa amelala chumba cha pili. Nilimbeba nikamtoa nje kwanza, kisha nikarudi na kitambaa cha maji puani nikalivuta jiko mpaka uani. Hakuna aliyedhurika, lakini koo liliniwasha siku mbili, na ile sufuria haijarudi jikoni tena. Ninayaandika haya kirefu kwa sababu najua kuna msichana mahali fulani, Bungoma au Siaya, mwenye kipande cha udongo huu na jiko la makaa. Msichana wee, usithubutu. Makaa hayana nyuzi 110. Yana moto tu.

Nilikaa miezi mitatu nikiweka akiba, ndipo nikanunua oveni ndogo ya umeme ya mtumba pale sokoni Kibuye. Haijawahi kupikia chakula na haitapikia. Nikaongeza kipimajoto cha kuning'iniza ndani, na hapo nikagundua kwamba kitufe cha kuzungusha kikionyesha 120, ndani kuna 150. Kama si kile kipimajoto ningeendelea kuunguza na kulaumu udongo. Chini huweka kigae cha sakafuni kilichobaki kwa fundi mmoja, kwa maana kigae hutunza joto lisipande na kushuka ghafla, na juu hufunika kwa karatasi ya fedha ili nyeupe isigeuke rangi ya chai. Stima ikipotea katikati, siku hizi sihangaiki. Vitu vikishapoa navigusa, na stima ikirudi naviweka tena vikamilishe muda wake. Udongo huu hukubali kuokwa mara ya pili na ya tatu bila kuharibika.

Kisumu ina mafunzo yake ambayo mwenzangu wa Nakuru hayahitaji. Kule kuna baridi ya kutosha. Nilipomtembelea shangazi Lanet niliufinyanga udongo saa saba mchana ukanitii kabisa. Hapa, chini ya bati, saa saba mchana udongo unageuka siagi. Ukiukata kwa wembe unafuata wembe. Ukiuchoma sindano, tundu linajifunga. Njia yangu ni kuulaza usiku kucha kati ya karatasi mbili nyeupe, karatasi inanyonya mafuta yaliyozidi, na asubuhi unaamka mgumu kidogo. Pia nina chupa ya maji baridi kutoka friji ya jirani muuza soda. Naishika, natuliza vidole, naendelea. Hata hivyo kazi ya makini naifanya kabla ya saa tano, ama sivyo usiku.

Joto hilihili liliniharibia mzigo wa kwanza niliouagiza Nairobi. Basi lilichelewa, mzigo ukaanikwa juani siku nzima, na nilipoufungua, vipande viwili vyeupe vilikuwa vimeanza kuiva ndani ya karatasi zake. Ukivikanda vinamenyeka kama unga wa mahindi uliopata maji kidogo. Nililia, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya mwezi mzima. Sikuvitupa. Niliviweka kwenye mkebe wa kioo, na baadaye vilikuja kunifaa kwa namna nitakayoieleza. (Mkebe wa kioo, nasisitiza. Mafuta ya udongo huu hula baadhi ya plastiki. Niliwahi kuuweka kwenye kisanduku kigumu cha plastiki angavu, sehemu ulipogusa ikalainika ikanata.)

Halafu kuna suala la pesa, noti zenyewe. Siku nzima nahesabu noti zilizopita Kibuye, zilizopita kwa wachuuzi wa samaki, zilizokunjwa kwenye soksi na leso. Ukitoka kwenye noti ukashika udongo mweupe, mweupe huo haurudi tena. Unaona mstari wa kijivu mdogo, unafikiri utaufuta, unaukanda, na sasa donge zima ni kijivu. Daifuku ni nyeupe. Mochi ni nyeupe. Nusu ya wagashi zote ni nyeupe! Sabuni haitoshi, kwa maana uchafu unaoonekana kwenye udongo ni ule ambao jicho haliuoni kidoleni. Sasa nina kitonge cha udongo mweupe uliokwisha kuchafuka. Nikinawa, nakikanda hicho kwanza dakika mbili, kinabeba uchafu wote uliobaki kwenye mistari ya vidole, ndipo ninagusa udongo safi. Na nyeupe huanza kabla ya rangi nyingine yoyote. Mteja akija katikati ya kazi ananiambia, "Dada, nitolee elfu moja," namhudumia kwa moyo wote, kisha narudi kwenye sabuni na kile kitonge tangu mwanzo. Asubuhi nyingine nanawa mara kumi na tano.

Nirudi kwenye shanga.

Baada ya dada kuondoka niliketi na kile kijiti nisijue la kufanya. Nilikuwa nimepima kila kitu. Dango halisi ina upana wa sentimita tatu hivi, kwa hiyo katika nyumba ya mwanasesere ya kipimo cha 1:12 inatakiwa iwe milimita mbili na nusu. Za hereni ninazifanya milimita sita ili zionekane. Ili zilingane, nausambaza udongo kwa chupa juu ya vijiti viwili vya unene mmoja, nakata vidoto kwa mrija wa soda, na kila kidoto nakiviringisha. Haziachani hata unywele. Hesabu ilikuwa sahihi, na bado ni shanga.

Kwenye steji, hatua chache kutoka kwangu, kuna mama anayeuza vidonge vya simsim, ile ambayo Wajaluo huita nyim. Namjua miaka yote hii, nimekula simsim yake mara zisizo na idadi, na sikuwahi kumtazama akiifanya. Jioni moja nilifunga mapema nikaenda nikaketi karibu na jiko lake. Sukari ilikuwa imeyeyuka ikawa kahawia, akamwaga simsim, akakoroga, akaepua. Akachovya mikono majini, akachota, akaviringisha haraka sana, akakiweka kidonge juu ya sinia. Kilipotoka mkononi kilikuwa duara. Kabla hajaweka cha pili, kile cha kwanza kilikuwa kimeshuka, kimepata kitako. Cha pili akakiweka karibu mno, vikagusana, na pale vilipogusana pakawa bapa.

Nikamuuliza kwa nini hasubiri vipoe kidogo ndipo avipange. Akacheka. "Nyathina, ikipoa haikubali mkono tena. Lazima uifinyange ikiwa moto, na ikiwa moto lazima itakaa chini. Hata mtu akichoka si anakaa?"

Yule mama hajui dango na dada yangu hamjui yule mama, na wote wawili wamesema neno lilelile.

Mwezi wa Desemba dada akaja na pakiti ya unga wa mchele wa kunata kutoka Nairobi. Azuki hatukupata, tukatumia maharagwe ya wairimu, yale mekundu madogo. Aliyachemsha, akamwaga maji ya kwanza ili ule ukakasi utoke, akayachemsha tena mpaka yakapondeka kwa vidole, akatia sukari na chembe ya chumvi, akakoroga kwa mwiko mpaka mwiko ukaacha njia chini ya sufuria. Unga akautia maji kidogo kidogo. Nikamuuliza atajua vipi kwamba umetosha. Akanyoosha mkono akanishika ndewe ya sikio, akaibonyeza. "Ukiwa laini hivi, basi. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo wote kule wanavyopima."

Dango zilizama chini ya sufuria, zikapanda moja moja juu ya maji. Alizipa muda kidogo zaidi, akazitumbukiza kwenye maji baridi. Nilipozichoma kwenye kijiti niliona mambo manne ambayo picha haikunionyesha, au ilinionyesha na sikujua kwamba ni mambo. Kijiti kilipoingia, mdomo wa tundu ulivutwa ndani, na kilipotokea upande wa pili, ulisukumwa nje. Kila dango ilibonyea pale ilipomgusa mwenzake. Iliyokuwa chini ilibeba uzito, ikawa pana kuliko ya juu. Na mng'ao wake haukuwa wa vanishi. Ulikuwa wa kitu chenye maji, na baada ya nusu saa ulififia ukabaki utando mwembamba kama wa uji ulioachwa bakulini.

Nilizila tatu. Sikuzipenda sana mwanzoni, sukari ni kidogo na meno hayajui yafanye nini. Kufikia za mwisho nilikuwa nimezizoea, nikamlaumu dada kwa kupika chache.

Tangu hapo sifinyangi tena umbo la picha. Ninaufanyia udongo kile ambacho mkono hufanyia unga. Dango naiviringisha, kisha naiangusha juu ya kigae kutoka kimo cha kidole kimoja ipate kitako. Nazisogeza tatu zigusane kabla ya kuzichoma. Kijiti ni ujiti wa kuchokonolea meno niliouchonga kwa wembe ukawa mwembamba, na nauingiza kwa nguvu bila kutengeneza tundu kwanza, ili mdomo uvutwe wenyewe. Daifuku nilikuwa nikiifanya tonge moja jeupe. Sasa naviringisha anko ya udongo wa kahawia, naitia rangi ya zambarau kidogo, naifunga kwa kiganda chembamba cha udongo angavu mafungu mawili kwa fungu moja la mweupe, nakusanya kingo chini na kuzifinya zishikane kama dada alivyozifinya zile za kweli. Ikiiva, ule weusi wa ndani unaonekana kwa mbali sana kupitia ngozi, kama mshipa wa mkono. Ndipo ikawa daifuku. Unga wa juu ni wanga wa mahindi kidogo, napaka kwa brashi kabla ya kuoka. Mfinyo wa chini hakuna mteja anayeugeuza kuutazama. Nikiuacha, hata juu hapakai sawa.

Vile vipande vilivyopikwa na jua navyo vilipata kazi. Katika kitabu, sakuramochi imechorwa kama kichapati chembamba cha waridi kilichokunjwa na kufungwa kwa jani la mcheri. Dada aliikataa picha hiyo kabisa, akasema aliyoijua yeye ni donge lenye chembe za mchele zinazoonekana. Tulibishana kwa simu siku mbili. Kumbe wote tuko sawa: ya kichapati ni ya upande wa Tokyo, huitwa Chomeiji, na ya chembe ni ya upande wa Osaka na Kyoto, huitwa Domyoji. Basi nikachukua ule udongo uliomenyeka, nikaupondaponda, nikaukanda ndani ya udongo laini wa waridi. Chembe zikabaki chembe. Hakuna kifaa ambacho kingenipa ule mchele vizuri kuliko hasara ile.

Kuna kosa moja lililomgusa mtu mwingine, na bado linaniuma. Mwanzoni nilikuwa naking'arisha kila kitu kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Ni rahisi, iko kila duka, na siku ya kwanza inapendeza kama kioo. Nikauza jozi za hereni Jumapili moja Kibuye. Baada ya wiki chache msichana mmoja akarudi na zake kwenye tishu. Dango zilikuwa zinanata, zimeshika nyuzi za kitambaa na vumbi, na tishu yenyewe haikubanduka. Viyeyushi vya rangi ya kucha hushambulia udongo wa polima polepole, na kinachonata hakikauki tena. Nilimrudishia fedha yake, nikawatafuta wengine niliowajua kwa sura, wawili sikuwapata. Tangu siku hiyo natumia vanishi ya maji peke yake, tena kwa kile ambacho hung'aa kweli: mchuzi wa mitarashi, ule mtamu wa sosi ya soya unaopakwa dango, na uso wa yokan. Mochi haing'arishwi. Inaachwa kama ilivyo.

Watu huniuliza mbona nisitengeneze mandazi na samaki wa kukaanga, vitu watu wanavyovijua. Nimevitengeneza, vinauzika, na nitaendelea navyo. Ila kwenye mandazi macho yangu yalikuwa yamelala, kwa sababu niliamini nayajua. Ilibidi nihangaike na kitamu cha mbali ambacho sikiwezi, ndipo nikamtazama mama wa simsim kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wa wagashi wapo pia. Wanafunzi wa chuo wanaotazama katuni za Kijapani huzitambua kabla sijafungua mdomo. Mmoja aliishika dango akaitaja jina lake kwa matamshi bora kuliko yangu. Wenye watoto wadogo siwauzii vitu vilivyo huru. Mtoto wa miaka miwili alishawahi kuichukua daifuku kwenye kaunta akaitia mdomoni mbele ya macho yangu, nikaitoa kwa kidole moyo ukiwa umesimama. Zinafanana na chakula, na hiyo ndiyo hatari yake. Sasa sinia inakaa juu, nyuma yangu.

Mwezi uliopita dada alipita akielekea nyumbani Vihiga. Nilikuwa nimeweka dango tatu mpya pale kwenye kaunta, sikusema kitu. Aliziinua kwa kijiti, akazisogeza karibu na jicho, akakigeuza kijiti kama mtu anayetafuta aanzie wapi kuuma. Kisha akauliza kama sakuramochi imefika wapi.

Sakuramochi imekwama kwenye jani. Jani la mcheri lina meno madogo ukingoni, na mishipa inayotoka mgongoni ikipinda kuelekea ncha. Nimejaribu kuichora kwa sindano, inaonekana imechorwa. Nimejaribu jani changa la mpera, mishipa yake ni mikubwa mno kwa kitamu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa hiyo siku hizi nikitembea naangalia chini. Juzi, kwenye njia ya kwenda Dunga, nilipata mmea wa kando ya mtaro wenye majani madogo kuliko ukucha, yana meno, mishipa imepinda vilevile. Jina lake silijui. Nilichuma manne, nikayabana ndani ya daftari la miamala, na kesho kabla ya saa tano nitaligandamiza la kwanza juu ya udongo wa kijani, upande wa mgongo, ambako mishipa imetokeza.